Parma, San Daniele na 'nduja: ipi utoe hela yako?

Haya, karibuni tena. Wale msiokula kitimoto, leo mnisamehe. Waliobaki, vuteni kiti.

Leo tunaonja nyama za nguruwe za Kiitaliano. Naanza na hii, prosciutto ya Parma. Ni paja la nguruwe na chumvi, basi. Halipikwi, halifukizwi moshi; linaning'inizwa miezi isiyopungua 14. Kabla ya kulipiga muhuri wa taji, mkaguzi analichoma kwa sindano ya mfupa wa farasi, anaichomoa, anainusa. Pua ikikataa, hakuna taji.

Ngoja niinue kipande. Mnaona kidole changu kwa nyuma? Hivyo ndivyo inavyotakiwa kukatwa. Muuzaji akikukatia nene, mwambie arudie. Na huu utepe mweupe wa mafuta msiutoe, utamu uko hapa! Mimi mara ya kwanza niliikaanga na vitunguu nikidhani ni nyama ya kupika. Ikakakamaa kama soli, chumvi hailiki.

Hii ya pili ni San Daniele, ya Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Nayo ni paja na chumvi, ila paja lao huachwa na kwato, na hubanwa hadi likawa na umbo la gitaa. Mdomoni naiona laini zaidi, tamu kwa mbali. Lakini ukinifumba macho sina hakika nitaitambua, na dukani kwangu bei yake iko juu. Kama unaitia ndani ya mkate, chukua Parma.

Sasa hii hapa! 'Nduja ya Spilinga, kule Calabria, kwenye ncha ya kile kiatu cha Italia. Haikatwi, inapakwa. Wekundu wote huu ni pilipili iliyosagwa pamoja na nyama na mafuta mengi, ikajazwa kwenye utumbo. Napaka kwenye mkate wa moto... oneni inavyoyeyuka, mafuta mekundu yanatiririka mpaka kiganjani. Mmh. Subirini, maji.

Jamani, inawasha! Juzi nilitia kijiko kimoja kwenye maharage yakiwa jikoni, ugali ukaisha kabla sijakaa.

Kwa hiyo mimi hela yangu inaenda kwa 'nduja. Asiyeweza pilipili anunue gramu 100 za Parma, akatiwe palepale, aachane na zile za pakiti zilizogandana.

Na nyie msiokula kitimoto, najua bado mpo mnachungulia. Kuna bresaola ya Valtellina, hiyo ni ng'ombe. Ila kama ni ya kuchinjwa kihalali, muulizeni muuzaji kwanza.