Kisanduku cha vipande vya bakuli: pembe safi, kitako kibaya

Kisanduku hiki huja na vipande vya mbao vilivyokwisha kukatwa, unavigandisha kuwa pete, unazipanga juu kwa juu, kisha unakereza bakuli. Langu limeshatoka kwenye mashine ya kukereza, na aliyekata vipande vyake anastahili sifa. Ndani mna pete sita za vipande 12 kila moja, za mbao za mpingo, paduki nyekundu na mepo nyeupe, pamoja na kitako cha ubao mmoja wa mti wa wenge.

Kila kipande kimekatwa digrii 15 upande huu na digrii 15 upande ule, na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Pete moja ina nyuso 24 za kuunganishwa. Msumeno ukikosea sehemu moja ya kumi ya digrii kila mkato, kosa linajikusanya hadi digrii 2.4 na pete haifungi. Nilizipanga pete bila gundi, nikazibana kwa mpira, nikaziinua dirishani. Mwanga haukupenya popote! Kwa mikono yangu na msumeno wangu, usahihi huo ni wa kuutafuta kwa jasho.

Kinachoniudhi ni kitako. Karatasi ya maelekezo inataka kigandishwe kwa gundi kuzunguka pete ya chini. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, lakini kwa urefu wa nyuzi hausogei kiasi cha kuonekana. Kwenye pete, nyuzi zinafuata mzunguko, kwa hiyo kipenyo chake karibu hakibadiliki. Kitako, kwa kuwa ni ubao mmoja, kinabadilika upana. Unyevu ukizidi kitaisukuma pete mpaka viungo viachane, na hewa ikikauka kitapasuka chenyewe. Mtu atalilaumu bakuli lake mwenyewe, kumbe ameponzwa na karatasi. Mimi nilichimba mfereji kati ya pete mbili za chini, nikakiacha kitako kikae humo bila gundi, na nafasi ndogo ya kupumua pembeni.

Maelekezo yamenyamaza pia kuhusu mpingo. Ni mti wenye mafuta, na mafuta hayo huikataa gundi. Futa nyuso zake kwa asetoni, kimiminika cha kuondoa mafuta, kisha upake gundi mara tu asetoni inapokauka. Gandisha nusu mbili za pete kwanza, uzisawazishe kwa msasa, ndipo uziunge.

Paduki inakerezeka vizuri mno, ila vumbi lake jekundu huingia kwenye vinyweleo vya mepo na kuichafua. Noa patasi kila mara ili msasa ubaki na kazi ndogo, na ulipeperushe vumbi kwa hewa badala ya kulifuta kwa kitambaa. Barakoa usiivue, maana vumbi la mbao hizi huwasha pua na kifua.

Anayekinunua kisanduku kwa ajili ya wekundu ule wa moto wa paduki ajue kwamba mwanga utaugeuza kahawia. Vanishi yenye kinga ya jua huchelewesha tu. Mpingo na mepo vitaendelea kupishana vizuri hata hapo, na kwangu hiyo inatosha kukinunua tena.