Dawa Ipi Ununue Kwanza Chavua Inapokusumbua

Watu wengi wenye mzio wa chavua huingia duka la dawa wakipiga chafya, huomba dawa ya mafua, kisha hutoka na vidonge ambavyo havilengi tatizo lao. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwanza kwamba kinachokusumbua ni mzio. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10 na huweza kuambatana na homa au maumivu ya mwili, ilhali mzio huendelea kwa wiki nyingi, hurudi kila msimu wa chavua, hutoa kamasi jepesi kama maji, na huwasha macho, pua na hata kaakaa. Kati ya dalili hizo zote, mwasho ndio ninaouamini zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, dawa ya steroidi ya kupulizia puani, kama vile flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Vidonge vya mzio hukabiliana na histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na mwasho, lakini steroidi hutuliza uvimbe wenyewe ndani ya pua, na kwa hiyo hupunguza chafya, kamasi, mwasho na kuziba kwa pua, ambako vidonge hukusaidia kidogo tu. Wengine hupata nafuu ya macho pia. Neno steroidi huwatisha watu, nami naielewa hofu hiyo, ila dozi yake hupimwa kwa maikrogramu, na sehemu ndogo sana ya flutikasoni au mometasoni inayopulizwa puani ndiyo inayofika kwenye damu. Madhara yanayoonekana mara nyingi ni pua kukauka au kutoka damu kidogo.

Dawa hii humvunja moyo mtu mwenye haraka, kwa kuwa nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki 2 kuonekana, na ni lazima itumiwe kila siku. Ukiujua msimu wako, inunue mapema na uanze wiki 2 hivi kabla haujafika. Namna ya kupuliza nayo ina uzito wake. Tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, kisha tumia mkono wa kushoto kupuliza tundu la kulia na mkono wa kulia kupuliza tundu la kushoto, ili ncha ya chupa ielekee upande wa nje, mbali na ukuta wa katikati ya pua ambao ndio hutoka damu. Vuta pumzi taratibu, kwa sababu ukivuta kwa nguvu dawa huteremka kooni. Kabla hujaitupa chupa ukisema haifai, jaribu kwanza kuipuliza hivi.

Nafasi ya pili ni ya vidonge vya antihistamini vya kizazi kipya: setirizini, loratadini na feksofenadini. Kwa mtu ambaye dalili zake ni chafya na mwasho unaokuja siku mojamoja, ningevitanguliza hata mbele ya dawa ya kupuliza, maana huanza kufanya kazi ndani ya saa chache na hutosha kwa siku nzima. Setirizini huwaletea baadhi ya watu usingizi, kwa hiyo anayeendesha gari au mashine afikirie loratadini au feksofenadini. Feksofenadini imezwe kwa maji, si kwa juisi ya machungwa, tufaha au balungi, kwa kuwa juisi hizo hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Usivifananishe vidonge hivyo na antihistamini za zamani, kama klorofenamini, ambazo naziweka mwisho kabisa. Hizo hupenya hadi kwenye ubongo, huleta usingizi na hupunguza wepesi wa kutenda hata kwa mtu anayejiona yuko macho, na kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na shida ya kukojoa.

Macho yakiwa ndiyo yanayokutesa, matone ya ketotifeni, mara 2 kwa siku, ni rahisi kuyafuata kuliko ya kromoglikati ya sodiamu, ambayo hutiwa mara 4. Anayevaa lenzi machoni azivue kwanza.

Maji ya chumvi ya kusafishia pua si dawa, lakini huongeza nafuu kwa wengi. Charles Blackley, tabibu Mwingereza aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1873 kwamba chavua ndiyo chanzo cha ugonjwa huu, na kuiosha itoke puani ni hatua inayofuata mantiki hiyo. Sharti ni moja, nami nasisitiza: tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotoneshwa, kamwe si ya bomba moja kwa moja, kwa sababu yanaweza kuwa na ameba ambao ni nadra lakini huua wakiingia kupitia puani. Osha kabla ya kupuliza steroidi, si baada yake.

Dawa za kuzibua pua haraka, kama oksimetazolini, hushawishi kwa kuwa pua hufunguka ndani ya dakika chache. Zikitumika zaidi ya siku chache, pua huziba vibaya kuliko mwanzo, na mtu hujikuta hawezi kuiacha chupa. Mimi ningeishia siku 3. Vidonge vya kuzibua pua vya pseudoefedrini havimfai mwenye shinikizo kubwa la damu. Vya fenilefrini viache dukani: mwezi Septemba 2023, jopo la wataalamu wanaoishauri Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani lilikubaliana kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa dozi ya kawaida haizibui pua.

Popote ununuapo, soma jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara, kwa kuwa pakiti mbili zenye majina tofauti huweza kubeba setirizini ileile, na ukizinywa zote umezidisha dozi. Mjamzito, anayenyonyesha na mzazi anayemnunulia mtoto waongee na mfamasia kwanza. Anayebanwa kifua au anayepumua kwa mluzi aende kwa daktari, kwani hiyo yaweza kuwa pumu.