Tovuti ya Chandra: darubini ya eksirei mkononi mwako, bure

Kama unapenda mambo ya anga na umechoka kutumiwa kwenye magrupu vipicha vya nyota ambavyo hata havisemi ni nini, ingia chandra.si.edu. Ni tovuti ya Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyopelekwa juu na chombo cha Columbia Julai 1999, wanaoisimamia wako Smithsonian, Cambridge kule Marekani. Hulipi kitu, unaangalia mpaka bando likate.

Anza na Cassiopeia A, mimi hapo ndo niliponasa. Ni mabaki ya nyota iliyolipuka, iko kama miaka nuru 11,000 toka hapa, ni moja ya picha za kwanza kabisa Chandra kutoa na ndo humo wataalamu wakaona kile kidoti cha katikati wanachosema ni nyota ya nyutroni, kiini kilichobaki baada ya mlipuko. Raha yake sasa, wameichambua picha elementi moja moja, silikoni kivyake, salfa kivyake, kalsiamu, chuma, unaweza kuziangalia zikiwa zimetenganishwa. Angalia chuma. Chuma kinapikwa ndani kabisa ya nyota lakini kuna upande unakikuta kimepita mpaka nje ya silikoni, yaani mlipuko uligeuza vya ndani vikawa vya nje, na unaliona hilo mwenyewe bila kusimuliwa na mtu.

Wale wa "rangi zenyewe feki hizo", jamani, jicho halioni eksirei, lazima wapake rangi. Chini ya picha kuna kajedwali kadogo ka taarifa, umbali, tarehe, darubini iliangalia kwa muda wa saa ngapi, rangi ipi inasimama badala ya nini. Soma hako kwanza ndo upandishe macho kwenye picha, utaelewa mara mbili.

Wameeleza vizuri pia kwa nini darubini yenyewe iko angani na si huku chini (mzunguko wake unafika karibu theluthi ya njia ya mwezini). Angahewa yetu inazuia eksirei, na vioo vya kawaida navyo havifai maana eksirei ukiipiga uso kwa uso inazama humohumo, ndo maana vioo vya Chandra vimelazwa karibu sambamba na miale, iteleze juu yake kama jiwe bapa ulilorusha juu ya maji.

Sehemu ya sauti msiiruke. Ile ya katikati ya galaksi yetu inasoma picha toka kushoto kwenda kulia, muziki unapanda taratibu, ukifika kule lilipo shimo jeusi Sagittarius A* vyombo vyote vinapamba moto. Ila msichanganye, hizo nyingi ni data iliyopewa noti tu. Ya Perseus, lile kundi la galaksi, ndo tofauti, pale kuna mawimbi ya sauti kweli kwenye gesi kuzunguka shimo jeusi, yaligundulika 2003, yako chini mno sikio haliwezi, wakayapandisha oktavu 57 na zaidi. Sikiliza usiku na earphone uone kama utalala.

Kasoro zipo. Maelezo ni Kiingereza, mengine kizito hasa. Mafaili ya TIFF ni makubwa, kwa simu chukua JPEG usijitese. Na aliyetegemea kuliona shimo jeusi lenyewe asiende, utaona gesi ya moto inayolizunguka, basi.

Ukimaliza fungua Cygnus X-1, chanzo kikali cha eksirei angani, maana hiyo inatuhusu sisi watu wa Pwani. Uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa kwa kazi ya eksirei za angani, ilirushwa toka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, jina ikalipata hapo. Data zake zilisaidia sana Cygnus X-1 kushukiwa kuwa shimo jeusi. Mkuu wa kazi ile, Riccardo Giacconi, ni huyohuyo aliyeipigania Chandra tangu ikiwa wazo, Nobel akapewa 2002. Walimu wa fizikia mlioko Kilifi, ukurasa huo uwekeni kwenye projekta darasani, wanafunzi wenu wanaiona ile bahari kila siku.