Wikendi ya Kilimanjaro Marathon mjini Moshi: uzoefu wangu wa kilomita 21

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuunganisha mbio na matembezi ya mwisho wa wiki, sijaona safari inayorudisha thamani ya gharama zake kama ya Kilimanjaro Marathon. Mbio hizi zimekuwapo tangu mwaka 2003, hufanyika mjini Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na mshiriki huchagua kati ya kilomita 42.2, kilomita 21.1 na kilomita 5 za kujifurahisha. Mimi nilikimbia nusu marathoni, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado anajiuliza kama nauli, malazi na ada ya usajili vitakuwa vimekwenda mahali pake. Jibu langu ni ndiyo, mradi aelewe mapema kwamba huko mlima ndio unaompangia kila mtu mwendo wake, awe na mazoezi ya kutosha au asiwe nayo.

Usajili haukunipa tabu. Nililipa kwa simu, nikapata ujumbe wa uthibitisho, kisha nikachukua namba yangu Dar es Salaam siku chache kabla ya safari. Ninamshauri kila anayetoka mbali afanye hivyo hivyo ikiwa ratiba inamruhusu, kwa sababu namba hazitolewi asubuhi ya mbio, na foleni ya Jumamosi mjini Moshi huwakuta watu wakiwa na uchovu wa safari na jua la mchana.

Safari yenyewe ni ndefu. Basi linatoka Mbezi alfajiri, linapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same, na mpaka kufika Moshi siku inakuwa imekwisha. Ndiyo maana nilisafiri Ijumaa, nikaiacha Jumamosi nzima iwe ya kupumzisha miguu. Wapo waliosafiri Jumamosi na kukimbia Jumapili, na niliowaona walikuwa na vifundo vya miguu vilivyovimba kwa kukaa kutwa kwenye kiti. Treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ambayo baada ya kusimama kwa miaka mingi ilirejea mwaka 2019 hadi Moshi na mwaka 2020 hadi Arusha, ina nafasi zaidi ya kunyoosha miguu, ila ni lazima siku zake zilingane na ruhusa yako kazini.

Jambo linalohitaji maandalizi kuliko yote ni malazi. Nilikuwa nimeweka nafasi katika nyumba moja ya wageni na kutanguliza sehemu ya malipo kwa simu, lakini nilipofika jioni, nikiwa na begi mgongoni, niliambiwa kwamba chumba changu kimepewa wageni wengine. Binti wa mapokezi aliniomba radhi kwa upole, nami sikuwa na ugomvi naye, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba uamuzi ule haukuwa wake. Fedha yangu ilirudishwa usiku ule ule. Hata hivyo, kumwacha mgeni barabarani katika wikendi ambayo mji mzima umejaa ni jambo ambalo mwenye biashara hapaswi kulifanya, hata kama amepata mtu wa kulipa mara mbili. Dereva wa bodaboda ndiye aliyenipeleka kwenye hosteli ya kanisa, ambako nilipata chumba kidogo, safi, chenye neti nzima na maji ya moto, kwa bei ya siku zote. Mama msimamizi aliponiona nimebeba viatu vya mbio aliniuliza, "Umekula, mwanangu?" kabla hata ya kuniuliza jina. Weka nafasi mapema sana, dai risiti yenye tarehe na namba ya chumba, na siku mbili kabla ya kuondoka piga simu uzungumze na mtu, usiridhike na ujumbe.

Jumamosi niliutembea mji polepole. Moshi ni mji unaotunza usafi wake kwa fahari, na mitaa ya katikati unaweza kuizunguka kwa miguu kutoka Mnara wa Saa hadi sokoni bila kuchoka. Nilipita kwenye stesheni ya zamani, mwisho wa reli ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tanga na kuifikisha hapo mwaka 1911, kisha nikanywa kahawa katika mgahawa wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933. Kikombe kile kilikuwa kikali na chenye harufu nzito, na kukinywa katika jengo la watu walioilima kahawa yenyewe kulinipa heshima mpya kwa mashamba ambayo kesho yake ningeyapita nikihema. Maporomoko ya Materuni niliyaacha kwa makusudi, maana njia yake ina kupanda na kushuka, na miguu ya Jumamosi ni akiba ya Jumapili.

Mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Nilifika giza halijaisha, nikakuta klabu za joging za mikoa mbalimbali zimevaa fulana za rangi moja na kuimba kwa kupokezana. Wa kilomita 42.2 hutangulia, wa nusu hufuata. Wakati huo wa mapambazuko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilikuwa wazi kabisa, theluji yake ikianza kupata wekundu wa jua, na watu wengi waliacha kupasha misuli ili wautazame mlima. Unapaswa kuutazama saa hiyo, kwani kwa kawaida mawingu huufunika kabla ya saa nne.

Kilomita za mwanzo ni za mjini na hazina mlima wa kutisha, na kwa sababu hiyo huwaponza wengi. Baadaye njia inaelekea Mweka, kijiji kilichoko kwenye miteremko ya mlima, na kuanzia hapo ni kupanda: hakuna mwinuko mkali wa ghafla, ila kuna mwinuko usiokwisha, ambao unakula pumzi kidogo kidogo mpaka unajikuta umepunguza hatua bila kukusudia. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye geuzio unakuwa umeongeza takriban mita 300 nyingine, jambo ambalo mtu aliyezoea ufukwe wa Coco analihisi kifuani. Nilichofanya, na ninachokishauri, ni kuisahau saa ya mkononi na kusikiliza pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima unapopanda, mwendo wako ni sahihi.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niipende safari nzima. Pande zote mbili ni vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba juu na kahawa chini ya kivuli chake, na mahali pengine maji ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, yanapita kando ya barabara yakiwa baridi na safi. Watu walikuwa wametoka majumbani, wazee kwa vijana, wengine wamevalia nguo za kanisani. Watoto walinyoosha viganja tuvipige tunapopita. Bibi mmoja alikuwa na ndoo na kata, akawamwagia maji kichwani waliomwinamia, nilipofika kwake nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akajibu "Marahaba" huku maji yananishuka shingoni, akaongeza, "Kaza, mjukuu wangu, huko mbele unageuka." Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapishana na vinara wakiteremka kwa kasi ambayo huwezi kuielewa mpaka wakupite karibu, viatu vyao vikigusa lami kwa sauti nyepesi sana.

Baada ya kugeuka, wengi hudhani kazi imekwisha. Mteremko unarudisha muda uliopotea, lakini una gharama yake, kwa sababu misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki kwa kilomita nyingi mfululizo, huku ikivutwa kila mguu unapotua. Fanya hatua fupi fupi na usijirushe. Jua nalo lilikuwa limekwisha kupanda, na vituo vya maji ambavyo asubuhi niliviona vingi mno sasa vilionekana kuwa vya lazima. Niliingia uwanjani katika kelele za muziki na vifijo, nikavishwa medali, nikakaa chini kwenye nyasi pamoja na watu nisiowajua, tukaulizana habari za magoti.

Mchana nilikula mtori wa nyama, mzito na moto, na sijui chakula kingine kinachomfaa zaidi aliyetoka kukimbia, kwa kuwa ndizi, mchuzi na chumvi vyote viko katika bakuli moja. Jumatatu asubuhi nilikwenda chemchemi za Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, ambako maji ni maangavu mpaka unaona mizizi chini, nikaogelea taratibu hadi mapaja yakalegea. Ikiwa unaweza kuomba ruhusa ya Jumatatu au hata Jumanne, omba. Kupanda basi la Dar es Salaam Jumapili ile ile ni kuiadhibu miguu iliyokutendea mema.

Anayetafuta muda wake bora wa nusu marathoni atafute njia tambarare; Moshi haitampa. Anayetaka kufika na familia nzima afanye hivyo bila wasiwasi, kwani kilomita 5 ziliwabeba akina mama, watoto wa shule na wazee, nao walirudi uwanjani wakicheka, na wengi wao walikuwa wameshakaa kivulini na kula ndizi zao wakati sisi wa nusu tulipokuwa bado tunateremka kutoka Mweka.