Walinambia ruta haili stima

"Haili." Hilo ndilo neno alilonijibu yule kijana aliyekuja kunifungia intaneti, na ndilo lililonikalisha leo kuandika haya. Nilimuuliza mapema, kabla hajaanza kutoboa ukuta: mwanangu, vyombo hivi vitawaka mchana na usiku, stima yangu itakuwaje? Akajibu bila hata kugeuka, "Mama, haili. Ni kama hakuna kitu." Nikatosheka, maana yeye ndiye fundi.

Nakaa mtaa wa Mkomani, Lamu, nyumba ya mawe tuliyoachiwa na wazee. Anayezijua nyumba zetu anazijua kuta zake, matumbawe na chokaa, nene kama ngome, mawimbi ya ruta yakifika pale yanakufa. Basi ruta ikawekwa kwenye kidaka cha chini, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kiongeza mawimbi kikapandishwa sabule, chumba cha wageni, kisahani cha kunasia intaneti kikafungwa juu ya paa na adapta yake, halafu wakaniuzia na betri ya akiba, ati stima ikipotea intaneti isikatike. Mimi nilikuwa nimeomba intaneti tu.

Mimi si mtu wa stima nyingi. Sina friji. Nina feni moja, taa tano, televisheni ya taarifa ya habari, na pasi siku ya Ijumaa. Miaka yote uniti 23 hivi zilinitosha mwezi, na shilingi mia tano ilikuwa inanifikisha. Baada ya intaneti, mwezi wa kwanza tokeni, yaani stima niliyoilipia kabla, ziliisha kabla ya nusu ya mwezi kupita sana. Nikanunua tena. Miezi iliyofuata ikawa hata uniti zenyewe zimepungua: pesa ile ile, uniti chache. Nikadhani nimeibiwa.

Sikuibiwa. Tangu 2023, hapa Kenya, mwenye kutumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi huuziwa stima kwa bei ya chini. Ukivuka hapo, kwa wastani wa miezi mitatu, unahamishwa daraja, na hulipii bei kubwa zile za ziada peke yake, unalipia zote. Mimi nilikuwa nimevushwa mpaka huo bila kujua, na aliyenivusha ni yule aliyenambia "haili".

Nikaenda dukani kwao. Jua la adhuhuri, nimevaa buibui langu, nimeshika karatasi zangu za tokeni zimepangwa mwezi kwa mwezi. Aliyekaa pale ni kijana wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Hakunipa shikamoo. Nikasema mimi salamu, akaitika macho yakiwa kwenye simu. Nikaeleza. Hakuzitazama karatasi. Akasema, watu wakiwa wamejaa pale na jirani yangu mmoja akiwamo: "Mama, hapa tunauza intaneti. Ukiona stima ghali, rudi kwenye kibatari."

Kibatari! Mwanamke wa umri wangu, mbele za watu. Nimelelewa mji huu, na mji huu hata mtu akikudai humuiti kwa jina tupu. Nilitoka pale magoti yanatetemeka, nikakaa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya watu mpaka moyo ukatulia. Mpaka leo nikipita njia ile nageuza uso.

Ni mjukuu wangu aliyenisaidia, yuko kidato cha tatu. Alinionyesha kile kijitaa chekundu cha mita: kwenye mita yetu kimeandikiwa pale pale usoni kwamba kikimeta mara 1000, uniti moja imekwenda. Tukazima kila kitu nyumbani, feni, taa, televisheni, tukabakisha vyombo vyao peke yake. Tukakaa kwenye kiti mbele ya mita kwa saa nzima, tunahesabu. Mara 31. Yaani kwa siku ni karibu robo tatu ya uniti, kwa mwezi ni uniti 22. Nyumba yangu yote pamoja na feni ilikuwa inakula 23! Nimewalisha wageni wanne kwa chakula sawa na cha nyumba nzima.

Hapo nilikuwa tayari kuandika kwa herufi kubwa, msijiunge, msiwakaribishe, nyota sifuri. Lakini mjukuu akasema, bibi, tuhesabu tena bila betri ya akiba. Tukaichomoa, tukaunganisha vyombo moja kwa moja ukutani, tukakaa saa nyingine. Mara 18. Ile betri peke yake ilikuwa inameza mara 13 kila saa, na stima siku hizo haikuwa imepotea hata dakika moja. Kumbe ndiyo maana kila nikiigusa ni ya moto kama jiwe la juani. Joto lile lilikuwa tokeni zangu zinaungua, mchana kutwa usiku kucha, kwa kungoja tu.

Sasa niseme haki, maana nitaulizwa. Ruta yenyewe haina kosa kubwa. Tulipobakisha ile ya kidakani peke yake, ilikuwa inachukua kidogo sana. Na intaneti yao, wallahi, ni nzuri. Mwanangu yuko Maskat, anatoka kazini usiku, ananipigia saa nne au saa tano, na uso wake nauona wazi hata makunyanzi mapya ya machoni. Miaka minne sijamshika mkono, lakini namuona kila usiku. Kwa hilo ningewapa nyota tano na dua juu.

Ila nikikumbuka kibatari, nyota zote zinaanguka. Kwani kumwambia mteja kweli kunagharimu nini? Angesema, mama, vinakula kidogo, betri inakula zaidi, kama huihitaji usiinunue. Ningemshukuru, ningewapeleka na jirani zangu. Badala yake kaniuzia, kanidanganya, kisha mwenzake kanidhalilisha.

Walinionya pia nisizime kamwe, ati vitaharibika. Nimezima. Sasa nawasha alasiri mjukuu akirudi shule, nazima saa sita usiku nikishaagana na mwanangu. Ni mwezi wa pili huu, hakuna kilichoharibika, kisahani kinachukua dakika chache kushika na basi. Hesabu yetu inasema nitarudi uniti 27 hivi, chini ya 30, lakini kwa ule wastani wa miezi mitatu bado sijashushwa daraja. Nangoja.

Kujiunga jiungeni, sitawakataza, ila hesabuni mita kabla na baada, na betri ikataeni. Mimi niliwataka waje waichukue yao na wanirudishie pesa, wakasema kilichouzwa hakirudi. Iko chini ya ngazi, nimeifunga kwenye mfuko. Siku wakibadili shauri waje, ila wabishe hodi, na wanipe shikamoo.