Upasuaji wa mtoto wa jicho: apimwe kila mtu, au anayehitaji tu?

Bibi anayetoka Makete kuja Mbeya kutolewa mtoto wa jicho tayari amelipa nauli mbili, yake na ya mjukuu anayemshika mkono. Akiagizwa pia kipimo cha wingi wa damu, figo na umeme wa moyo, huenda akarudi nyumbani bila kutibiwa.

Njia ya kwanza ndiyo hiyo: kila mgonjwa apimwe vyote. Hofu ya daktari, kwamba ugonjwa uliojificha unaweza kumdhuru mgonjwa wakati wa upasuaji, naielewa. Njia ya pili ni kumhoji na kumchunguza mgonjwa, kisha kuagiza kipimo pale tu panapo sababu.

Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha njia hizi katika operesheni zaidi ya 19,000. Matatizo ya kiafya yalilingana pande zote, takriban 31 kwa kila operesheni 1,000. Ni upasuaji mfupi, kwa kawaida hutumia ganzi ya jicho tu, na damu inayotoka ni kidogo mno.

Nasimama na njia ya pili, ila huku kwetu kuuliza tu hakutoshi. Wazee wengi vijijini hawajawahi kupima presha wala sukari, hivyo mzee akiulizwa kama ana magonjwa hayo atajibu "sina" kwa moyo mweupe. Presha ipimwe, na sukari kwa tone la kidole. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aangaliwe damu yake. Kipimo cha kuchagua lenzi ya kuwekwa jichoni, bila shaka, hakikwepeki. Asiye na tatizo apangiwe upasuaji safari hiyohiyo.