Kitini cha misemo ya Kiingereza, Mtwara mjini: nunua kwa ajili ya "the lucky few"

Kitini hiki kinachouzwa steshenari za Mtwara mjini kwa shilingi 2,000 ni kopi iliyobanwa pini mbili. Misemo mingi imeorodheshwa tu, bila maelezo. Kinachorudisha pesa yako ni ukurasa wa "the lucky few" (wachache waliobahatika), msemo unaopendwa sana kwenye hotuba za mahafali na barua za maombi, na unaoharibiwa humo humo.

Kosa linaloanza ndilo tunalolisikia kila siku: "I am among of the lucky few". Hiyo "of" inatokana na "miongoni mwa", kwani mwandishi anaitafutia "mwa" mahali pa kukaa. Chagua moja: "among the lucky few" au "one of the lucky few". Kisha kuna "the lucky fews". "Few" haipokei s, ila kitenzi chake ni cha wingi: "The lucky few have loans", wala si "has".

Sehemu ya "a" na "the" imeelezwa vizuri kuliko vitabu vingi vya sekondari. Ukilitaja kundi kwa mara ya kwanza, andika "Only a lucky few got loans". Likishajulikana, au ukilifafanua kwa "who", ni "the lucky few who got loans". Ukiacha vyote viwili na kugeuza mpangilio, "few lucky students got loans", msomaji ataelewa kwamba wenye bahati waliopata mkopo ni haba, karibu hakuna.

Mfano wa kitini ndio mbovu: mwanafunzi aliyeongoza kidato cha nne. Huyo kasoma, kumwita "lucky" ni kumpunja. Kama watu wamechaguliwa kwa sifa, sema "the select few", yaani wachache walioteuliwa. "Lucky" inataka wengi waliotamani kitu kilekile na wachache waliokipata bila kuwazidi wenzao. Msomaji wa Tandahimba au Newala angeelewa haraka kwa korosho: mzigo wa daraja moja, ghala moja, lakini bei ya mnada wa wiki hii si ya wiki ijayo. Wakulima ambao korosho zao ziliuzwa siku bei ilipopanda ndio "the lucky few".

Mazoezi hayana majibu, na swali moja limechapwa "The lucky few is". Lisahihishe kwa kalamu kabla ya kumpa mwanafunzi, na uombe bainding hapo hapo dukani, maana karatasi ya mwisho huchomoka mapema.